Lori Linalala Wapi? Kutoka Mbinga Hadi Mbamba Bay, Historia ya Mipango Inayofika Imechelewa

Wadau, leo naanza na hesabu ya shule ya msingi.

Meli ya mizigo MV Ruvuma, iliyojengwa Itungi kule Kyela pamoja na ndugu yake MV Njombe na kukamilika mwaka 2017, inabeba tani 1,000. Lori la masafa marefu linabeba kama tani 30. Gawanya mwenyewe. Meli moja ikijaa ni malori 34. Lori moja na tela lake lina urefu wa mita 18 hivi, kwa hiyo ukiyapanga pua kwa mkia unapata foleni ya zaidi ya mita 600. Na hiyo ni meli moja, siku moja.

Sasa nenda ukasimame Mbamba Bay uangalie. Mbele maji, nyuma milima, katikati ndipo watu walipojibana na nyumba zao, maduka yao na vichanja vyao vya kuanikia dagaa. Malori 34 yatalala wapi?

Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Watapanga." Nani atapanga, na lini? Mimi ni mwandishi wa habari, si mtu wa mipangomiji, lakini nikipata swali lisilo na jibu hukimbilia kwenye historia. Nikaanza kusoma sheria moja baada ya nyingine, na nilichokiona ndicho ninachotaka kuwaletea leo. Kwa zaidi ya miaka mia moja, kanuni za kupanga wapi pawe duka, wapi pawe kiwanda na wapi gari lisimame zimetungwa mbali na Ziwa Nyasa, zikafika huku baada ya mzigo kuwa umeshapita.

MPAGAZI HAHITAJI MAEGESHO

Mwaka 1891 Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi za Dar es Salaam. Ziligawa mji kwa aina ya jengo: upande huu nyumba za mtindo wa Kizungu tu, upande ule ruksa nyumba ya udongo na makuti. Ukisoma haraka utadhani ni habari za kuta na mapaa. Lakini jiulize, mwaka huo nani alikuwa na fedha za kujenga nyumba ya mtindo wa Kizungu? Ukuta ulitumika kutaja rangi ya mtu bila kuitaja.

Huku ziwani walichohitaji Wajerumani ni mahali pa kutia nanga meli yao, Hermann von Wissmann. Liuli wakaiita Sphinxhafen, kwa sababu ya lile jiwe linalofanana na sanamu la Misri. Manda wakaiita Wiedhafen. Pale Liuli palikuwa na mahali pa kuvutia meli nchi kavu ili itengenezwe. Ndipo ilipokuwa imepandishwa Agosti 13, 1914, Kamanda Rhoades wa Uingereza alipotokea na meli ya Gwendolen kutoka upande wa Nyasaland na kuipiga mzinga.

Vitabu hukumbuka kisa hicho kwa ajili ya vita. Mimi nakikumbuka kwa jambo jingine. Mahali pale pa kutengenezea meli ndipo palipokuwa karakana, kiwanda na bandari kwa pamoja, na eneo lenyewe lilichaguliwa kwa ajili ya meli, si kwa ajili ya watu waliokuwa wakiishi jirani. Desturi hiyo itatufuata katika habari hii yote.

Na mzigo wa nchi kavu? Ulikwenda kichwani. Mpagazi hahitaji maegesho. Akichoka hutua mzigo chini ya mti. Kwa hiyo hakuna aliyehangaika kutenga nafasi ya chombo chochote cha barabarani.

UZUNGUNI, UHINDINI, USWAHILINI

Waingereza walipochukua nchi hawakuitupa hesabu ya Wajerumani. Katika miaka ya 1920 Dar es Salaam iligawanywa kanda tatu: ya kwanza makazi ya mtindo wa Kizungu, ya pili makazi na biashara, ya tatu jengo la aina yoyote. Kati ya ya pili na ya tatu wakaacha uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja wetu. Watu wakatafsiri kwa Kiswahili bila kuhitaji kamusi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Angalia vizuri hapo. Eneo la biashara halikuwekwa kwa kuuliza wateja wako wapi au mzigo unaingilia wapi. Liliwekwa kwa kuuliza mwenye duka ni nani. Mpaka leo ukifika miji yetu mingi ya zamani unakuta mtaa wa maduka ya Wahindi, nyumba za ghorofa moja zenye duka chini na familia juu. Kwa bahati, mtindo huo ulikuwa mzuri kuliko sheria iliyouzaa: mtu alifanya kazi alipolala, na jioni mtaa haukuwa mfu.

Mwaka 1956 ikaja Sheria ya Mipangomiji na Vijiji, ile iliyojulikana kama Sura ya 378. Ilifuata mfano wa sheria za kwao Uingereza. Mwaka 1960 zikaongezwa kanuni zilizogawa matumizi ya ardhi katika makundi na madaraja: makazi kundi lake, maduka kundi lake, viwanda vyepesi na vizito makundi yao. Haya yalikuwa mageuzi makubwa jamani. Kwa mara ya kwanza karatasi ilianza kuuliza "unafanya nini hapa?" badala ya "wewe ni nani?" Ukiwa na hati ya kiwanja ya kizazi kile, isome, utakuta imeandikwa kundi la matumizi kwa herufi.

Lakini mageuzi hayo yalitungwa yakitazama miji mikubwa. Huku Umatengoni, kipindi hicho hicho, jambo kubwa lilikuwa kahawa. Wakulima wa milimani walikuwa na chama chao kikuu pamoja na wenzao wa Ungoni, NGOMAT, kilichoanza miaka ya 1930 na tumbaku ya Songea. Kilichopanga biashara kijijini ni ghala la chama cha msingi. Palipo na ghala ndipo mizani ilipo, palipo na mizani ndipo lori linapofika, na palipo na lori mama ntilie hakosi. Hakuna ofisa aliyechora mchoro, na pakapangika.

Na msije mkadhani Wamatengo hawajui kupanga. Hawa ndio watu wa ngolo, yale mashimo wanayochimba mfululizo kwenye miteremko mikali ili mvua isichukue udongo. Ngolo huchimbwa kabla udongo haujaondoka. Anayengoja udongo uanze kuteremka ndipo ashike jembe amechelewa, na kila mtoto wa Mbinga analijua hilo.

MJI ULIOZALIWA BILA HALMASHAURI

Sasa tufike kwenye kisa kinachonisikitisha kuliko vyote.

Mwaka 1972 Serikali ilianza mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya na za miji zikavunjwa, kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa Serikali Kuu mikoani na wilayani. Katikati ya miaka ya 70, wakati huo huo, Mbinga ikamegwa kutoka Songea na kuwa wilaya. Kwa maneno mengine, Mbinga ilianza kuwa makao makuu katika miaka ambayo nchi nzima haikuwa na kitu kinachoitwa halmashauri ya mji! Ofisi zikajengwa, watumishi wakahamia, wafanyabiashara wakafuata, lakini diwani wa kusimama na kuuliza "soko liwe wapi, gereji ziwe wapi" hakuwepo.

Mambo yakaharibika mijini kiasi kwamba mwaka 1978 ikabidi itungwe sheria ya kurudisha mamlaka za miji. Wilaya zikasubiri mpaka sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982. Katikati hapo, mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika navyo vilifutwa, NGOMAT kikiwemo. Kwa hiyo Mbinga ikapoteza na yule mpangaji wake asiye rasmi, ghala la chama.

Ushirika ulirudi kwa sheria ya 1982, na Mbinga ikapata chama chake, MBICU. Kikawa na nguvu, kisha kikalemewa na madeni. Katikati ya miaka ya 90 biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kila mnunuzi alitaka ghala lake, mizani yake na mahali pa kupakilia. Nyumba ya kuishi ikageuka stoo, uwanja wa mbele ukageuka maegesho. Kisheria hayo ni mabadiliko ya matumizi ya ardhi, yanayohitaji kibali. Chini ya Sura ya 378 michoro na vibali vya maana vilikuwa mikononi mwa Wizara, Dar es Salaam. Msimu wa kahawa haungoji faili lipande basi la Songea, lilale njiani, lifike mjini, lipotee, litafutwe, ndipo lirudi.

Tusiwalaumu watu kwa "kuvamia". Mji ulikua kwa jinsi ulivyoweza.

HERUFI X

Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria mbili ambazo kila mkazi wa kando ya barabara angepaswa kuzijua kama anavyojua sala.

Ya kwanza ni Sheria ya Mipangomiji, Namba 8. Hii iliiondoa ile ya 1956 na kuzifanya halmashauri kuwa mamlaka za kupanga, ingawa michoro bado huidhinishwa juu. Ilichukua miaka 51 kuibadili sheria ya mkoloni. Na kanuni mpya za makundi ya matumizi, zilizokuja kushika nafasi ya zile za 1960, ni za mwaka 2018. Hesabu: miaka 58. Mwaka huo huo wa 2018 vilitoka pia viwango vipya vya nafasi katika mipangomiji, ambamo kila jengo la biashara au kiwanda linatakiwa lionyeshe maegesho yake.

Ya pili ni Sheria ya Barabara, Namba 13. Hii ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30. Mita saba na nusu. Unaweza kuzivuka kwa hatua kumi, lakini kwa nchi nzima ndani ya hatua hizo kulikuwa na maduka, nyumba za kulala wageni, makaburi na miembe. Aliyekuwa ndani ya zile za zamani aliambiwa wewe ndiye uliyeifuata barabara, huna fidia. Aliyeingia katika zile mpya aliambiwa barabara ndiyo imekufuata, utalipwa. Alama ya X ukutani ikawa kitu cha kunyima watu usingizi.

Baada ya hapo lami ikaja. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78, kilijengwa kwa fedha za Wamarekani kupitia MCC. Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, kilikamilika mwanzoni mwa muongo huu kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Waliowahi kupanda na kushuka ule mlima wakati wa masika, kwenye utelezi, wanajua hii ni neema. Sitaki mtu aseme napinga lami.

Lakini tazama mpangilio wa matukio. Lami ya kufika Mbinga ilitangulia. Mbinga ilipata halmashauri yake ya mji katikati ya miaka ya 2010. Nyasa ilikuwa wilaya mwaka 2012, na makao makuu yakawekwa Mbamba Bay. Kanuni za matumizi ya ardhi zikafuata 2018. Kila safari mlango unajengwa baada ya mgeni kuingia.

MAKAA YA MAWE YALITUONYA

Kama mtu anasema hatukuonywa, nampeleka Ngaka.

Mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka, wilayani Mbinga, ulianza kuchimbwa mwaka 2011. Mwaka 2016 Serikali ilipozuia makaa ya mawe kutoka nje, viwanda vya saruji vikageukia huku, na malori yakamiminika. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya nishati duniani, makaa ya Ruvuma yakawa mali ya kusafirishwa ng'ambo kupitia bandari ya Mtwara. Usiku na mchana malori yanapita Songea, Namtumbo, Tunduru, Masasi.

Lori likiharibika linasimama palipoharibikia. Dereva akichoka anaegesha penye chakula na taa. Utingo anafua, anapika, anaoga, yote kando ya lami. Vumbi jeusi linaingia kwenye mihogo ya mtu. Watoto wanavuka katikati ya matela mawili ambayo madereva wake hawawezi kuwaona. Hayo yote ni matokeo ya nafasi ambayo hakuna aliyeitenga, wala huhitaji kumtafuta dereva mbaya.

Tunao mfano mwingine, Tunduma. Kila aliyepita barabara ya TANZAM anaijua foleni ya pale mpakani: kilomita kwa kilomita za malori yakingoja kuvuka. Mji mzima ulijikuta umekuwa maegesho. Tunduma ilikua kwa malori hayo, sikatai, lakini gharama wamelipa wakazi.

Na sisi neno "maegesho" tumelizoea kwa maana moja: risiti. Kwa miaka mingi mijini maegesho yalikuwa kijana mwenye kizibao na kitabu cha stakabadhi. TARURA ilipoanzishwa mwaka 2017 ikachukua barabara za mijini na vijijini, na mwaka 2021 ikaleta ukusanyaji wa ada kwa mtandao, malalamiko yakasikika kila kona. Ada ina kazi yake. Lakini kumtoza mtu kwa kusimama barabarani hakuongezi hata mita moja ya mahali pa kusimama. Tumekuwa hodari wa kuuza nafasi kabla ya kuitengeneza.

KABLA MELI HAIJAFUNGA KAMBA

Septemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari mpya ya Mbamba Bay. Ushoroba wa Mtwara, ambao tumeusikia tangu tukiwa shule, sasa unaonekana kwa macho: bahari upande mmoja, ziwa upande wa pili, Malawi ng'ambo. Kwa hiyo swali langu la malori 34 si la kufikirika tena.

Mimi ningependa kuona haya, nanyi mnikosoe.

Kwanza, malori yasilale Mbamba Bay. Ardhi tambarare pale ni kidogo mno. Litengwe eneo la maegesho juu, njia ya kuelekea Mbinga, lenye vyoo, maji, taa na chakula, na lori liitwe kushuka bandarini zamu yake ikifika.

Pili, gereji, mafundi wa kuchomelea, maseremala na vinu wapewe eneo lenye umeme wa uhakika, lakini lisiwe porini. Tangu SIDO ianzishwe mwaka 1973 tumejifunza kwamba fundi akihamishiwa mbali na mteja atarudi barabarani usiku.

Tatu, kanuni zimruhusu mtu kuwa na duka mbele na nyumba nyuma. Na kwenye viwanja vidogo katikati ya Mbinga, ni ndoto kumwambia kila mwenye duka la spea aonyeshe maegesho yake. Waruhusiwe kuchangia eneo moja la pamoja kwa mtaa. La sivyo kanuni itabaki ya kuvunjwa, na kanuni inayovunjwa na wote huwa mtaji wa mtoza faini mmoja.

Nne, wavuvi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita hizo hizo ndizo mvuvi anazotumia kupandishia mtumbwi na mama kuanikia dagaa. Mchoro wa bandari na maghala usije ukayaona maeneo hayo kuwa matupu eti kwa sababu hayana jengo. Mwalo nao ni eneo la biashara, na ni wa kale kuliko duka lolote pale. Uandikwe kwenye mchoro kwa jina lake.

Tano, mchoro wenyewe ubandikwe ofisi ya kata, kwa Kiswahili, kabla fundi wa rangi hajafika na brashi. Mtu ajue leo kama kiwanja chake kimewekwa kundi la makazi au la viwanda. Asije akajua siku anapokuta X.

Najua kuna atakayesema halmashauri hazina fedha za kupima. Kweli kabisa. Lakini kupima kabla ni ghali, kubomoa baadaye ni ghali zaidi, na bei ya pili hailipwi na halmashauri. Inalipwa na yule bibi mwenye kigenge aliyekuwa hapo kabla ya lami, kabla ya wilaya, na pengine kabla ya Sura ya 378.

Kuna pia atakayesema watu huku wanaogopa kupimwa, wakisikia "mpango" wanasikia "utahama". Hofu hiyo nayo ina historia yake, tangu uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja hadi X ya jana. Haitaondolewa kwa semina. Itaondoka siku mpango mmoja tu, hata mdogo, utakapomfikia mwananchi kabla ya mzigo.

Ndugu zangu wa Mbinga, Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, mnaoishi huko mnaona kuliko mimi. Kama mmeuona mchoro wa mji wenu ukiwa umebandikwa mahali popote, niandikieni. Na kama kuna mtu ameambiwa malori 34 yatalala wapi, huyo aniandikie kwanza.

Nawasilisha.